Mpwa wa Marehemu

Nilifukuzwa kazi nikiwa na chaki mkononi. Mkuu wa shule, ambaye kule Likasi, mji wa shaba ng'ambo ya ziwa, wanamwita prefe, alinikuta ubaoni akaniomba nitoke kidogo mlangoni, nami nikatoka na chaki yangu nikidhani anataka kuniambia habari za mitihani. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Mishahara ya serikali ilikuwa imegeuka hadithi zamani, na sisi walimu tuliishi kwa kile walichotoa wazazi, kila mmoja kwa uwezo wake. Jumapili ile, baada ya misa, wazazi walikuwa wamekutana kuamua wataendelea kuwalisha walimu gani.

"Bazazi banasema anglais itangoya," aliniambia. "Français na calcul, ile haiwezi kungoya. Minye sina na la kufanya, Monsieur."

Nilimuuliza, ikiwa Kifaransa na hesabu haviwezi kungoja, Kiingereza kingengoja mpaka lini. Akatazama viatu vyake. Nilirudi darasani kuchukua koti, na wanafunzi wakasimama, maana ndiyo adabu waliyofundishwa mwalimu anapoingia. Nusu ya madawati yalikuwa wazi tangu familia zenye asili ya Kasai, mkoa mwingine, zifukuzwe mjini na kupakiwa kwenye mabehewa. Niliwaambia wakae, nikatoka. Mpaka leo nahisi kwamba niliwaacha wamesimama.

Nilikuwa nimekuja kutoka Kigoma, nikavuka ziwa kwa meli na kupanda treni Kalemie, enzi ambazo shaba bado ilikuwa inalipa. Shule ilikuwa ya kampuni ya shaba ya serikali, na mwalimu wa Kiingereza alipewa nyumba ya kampuni, gunia la unga kila mwezi na kadi ya hospitali. Nyumbani mama alikuwa akiwatambia majirani kwamba mwanawe anakaa kwa Wazungu. Mimi sikumkanusha. Basi kazi ilipokwenda, vyote vikaenda nayo, maana nyumba ya kampuni ni ya mtu wa kampuni, na mgeni asiye na ndugu hana wa kumtetea. Nikahamia chumba cha uani, vile vyumba walivyojengewa maboi wa Wabelgiji, ambavyo watu wa Likasi bado wanaviita boyeri.

Wenye nyumba walikuwa mzee mmoja na mkewe. Mzee naye alikuwa mtu wa ziwa, kutoka upande wa Moba, aliyekuja ujanani kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba, akakaa mpaka kifua kikaharibika. Alinipa chumba kwa sababu ya sauti yangu. Alisema nikizungumza anasikia watu wa kwao. Jioni tulikaa barazani naye akaniuliza mambo ya ziwa kana kwamba mimi nimefika jana: dagaa bado wanaanikwa mchangani? Upepo wa kusini bado unazamisha watu? Majirani waliopita walikuwa wakimtania kila siku kwa swali lile lile, kwamba ziwani atakwenda lini, naye akajibu kila siku kwa jibu lile lile: mwezi ukiisha. Watu wakacheka, yeye akacheka, kikohozi kikamshika.

Mkewe, mzaliwa wa Likasi hapo hapo, aliuza mandazi sokoni. Mandazi hayo ndiyo yaliyotulisha wote watatu, nami nilikuwa na haya ya kuyaangalia. Jambo moja lilikuwa la kuchekesha kama mtu ana moyo wa kucheka: umeme haukutuacha. Mabwawa ya Koni na Mwadingusha yalikuwa karibu, taa iliwaka vizuri sana, na chini ya taa hiyo tuliona vizuri jinsi sufuria ilivyo tupu.

Nilijaribu kila kitu. Nilitaka kufundisha watoto wa wenye maduka, nikakuta walimu wenzangu wamenitangulia. Nilitaka kwenda Shinkolobwe kuchimba madini na vijana, nikarudishwa njiani na mikono yangu. Mmoja wao aliishika, akaigeuza, akaniambia nirudi kwa vitabu. Ndipo nikaanza kwenda kwenye vilio.

Kilio, kwa watu wa huko, ni msiba na siku zake zote. Viti hutolewa barabarani, moto huwashwa, wanaume wanakaa nje na wanawake ndani, na mtu yeyote aliyeketi hupewa bukari, yaani ugali wao, na kiganja cha maharagwe au samaki. Hakuna anayeuliza umetoka wapi. Kilio cha kwanza nilikwenda kwa haki, cha mwalimu mwenzangu. Cha pili kilikuwa cha mtu niliyemjua kwa mbali. Baada ya hapo nilikuwa naangalia tu wapi wameweka matawi ya miti barabarani kuashiria msiba, na miaka ile, hospitali ikiwa haina dawa, matawi hayakukosekana. Nilivaa koti langu la ualimu, nikakaa, nikainamisha kichwa, nikala. Na huzuni yangu ilikuwa ya kweli, jamani. Watu wa upande wa baba walidhani mimi ni wa upande wa mama, na wa upande wa mama walidhani vile vile, kinyume chake. Niliwalilia marehemu nisiowajua kwa machozi yangu mwenyewe, na hakuna aliyeona tofauti.

Kisha ukaja mlango wa kutokea. Mfanyabiashara mmoja, Mwislamu mwenye asili ya Maniema ambaye tulizoea kusali naye Ijumaa, alikuwa na lori la kwenda Zambia. Alihitaji mtu wa kumsomea karatasi za Kiingereza mpakani na kuzungumza na maofisa wa upande wa pili. Alinipa nafasi kwenye kiti cha mbele, na kutoka Zambia ningepata njia ya kufika kwetu. Kiingereza, ambacho wazazi walisema kitangoja, ndicho kingenirudisha nyumbani. Lori lingeondoka Jumamosi asubuhi. Nilifunga mzigo wangu mapema mno, nikawa nalala nimeuegemea.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, mzee akafa. Alikohoa mchana, akaomba maji, mkewe alipoyaleta hakukuwa na wa kuyanywa.

Safari hii matawi yaliwekwa mbele ya mlango wangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyetoa viti. Tulimzika. Kwa desturi yao mjane anakaa chini kwenye mkeka, ameegemea ukuta, amevaa nguo nyeusi, hagusi chungu, haendi sokoni, wala hamsalimu mtu, mpaka ndugu wa damu wa mumewe aje amtoe. Ndugu huyo humpaka unga mweupe, humfunga shanga nyeupe mkononi, kisha yeye mwenyewe anavishwa nguo ya marehemu na kurithi jina lake. Padri alikuwa amekemea yale mambo mengine ya zamani kati ya mrithi na mjane, wakaacha. Unga na shanga hakuvikemea.

Lakini marehemu hakuwa na ndugu wa damu Likasi. Wote walikuwa ziwani, na treni ya kutoka huko ilikuwa haifiki tena; hata habari ya kifo sijui kama iliwahi kuwafikia. Bila wao mama yule angebaki kwenye mkeka. Na bila mandazi yake nyumba nzima ilikuwa haina kitu.

Hapo ndipo wakanigeukia mimi. Sijui nani aliyeanza. Mtu wa ziwa, anayesema kama marehemu, anayeishi uani kwa marehemu, aliyeitwa "mwanangu" na marehemu mbele ya watu: kwao jambo lilikuwa wazi kwamba mimi ni mtoto wa dada yake, na mtoto wa dada ndiye hasa anayetakiwa. Kaka wa mjane, fundi wa kiwandani aliyekuwa hajalipwa kama wengine, alikuja kuniambia niwe tayari Jumamosi asubuhi. Nikamweleza kwamba mimi si mpwa wa marehemu. Nikamweleza kwamba nimetoka ng'ambo, nchi nyingine kabisa, kwamba marehemu nilimjua nikiwa tayari mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira, kisha akanipiga bega.

"Bampwa bote banakatalaka hivi," alisema. "Juu banaogopa muzigo. Usiogope."

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Mpwa wa kweli hukana, kumbe, kwa kuwa anayerithi jina anarithi na mjane wa kutunza. Wazee waliokaa kwenye moto waliniangalia kwa huruma na kwa dharau kidogo, kama wanavyomwangalia kijana anayekwepa kazi. Nilikasirika sana. Kazi nilikuwa nimeitafuta mji mzima, nikakosa. Sasa wananipa hii.

Nilikwenda kwa mwenye lori, nikamwomba aahirishe mpaka mchana. Akasema hawezi; mzigo ni wa watu, na mpakani wanamngoja. Hakusema kwa ubaya. Alisema nikichelewa atamchukua kijana mwingine anayejua Kiingereza kidogo, na kidogo kingemtosha.

Nilirudi nikiwa nimeamua kuondoka. Nitasema wazi, nilikuwa nimeamua. Niliingia ndani kumuaga mama yule, maana kumkimbia bila kumuaga nisingeweza. Wanawake waliokuwa naye walitupisha. Alikuwa amekaa pale pale ukutani, midomo imekauka, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona bila unga wa ngano, ilikuwa imelala mapajani.

"Mwalimu," alisema kabla sijafungua mdomo, "minye najua weye hauko mupwa wake. Najua. Lakini treni haikuyaka tena. Kama weye unaenda, nani atanitoa hapa chini?"

Nilikaa chini karibu na mkeka wake, na kwa mara ya kwanza tangu nifukuzwe nikalia kwa sauti, mimi mtaalamu wa kulia vilio vya watu. Yeye hakulia. Alinigusa kichwa tu, jambo ambalo mjane hakuruhusiwa kulifanya.

Jumamosi asubuhi walinipa sahani ya unga. Nilimpaka kwenye paji la uso na mikononi, nikamfunga shanga, kaka yake akanisaidia fundo. Wakanivisha koti la marehemu, la kahawia, lenye harufu ya dawa ya kifua. Lilinikaa sawasawa. Kaka akatangaza jina la marehemu akinishika mkono juu, na wanawake wakapiga vigelegele, na watoto wa mtaa wakaambiwa tangu leo wanisalimu kwa jina hilo. Nilisimama huku nikifikiria mama yangu, aliyenipa jina langu, na jinsi ambavyo hakuna mtu hata mmoja mtaani pale aliyekuwa analijua. Kwao nilikuwa Mwalimu, na hilo nalo likawa limekwisha.

Tulikuwa bado tumesimama pale lori lilipokuja. Mfanyabiashara alikuwa amepita kuniangalia, labda kunipa nafasi ya mwisho, injini hakuizima. Alishuka, akaniona na koti lile na unga uliobaki mikononi mwangu, akasimama. Aliinua viganja, akamwombea marehemu dua, kisha akaja akanishika mkono kwa mikono miwili na kunipa pole, mimi, kama anavyopewa pole mtu wa damu. Nikamwitikia. Akarudi garini. Kwenye kiti cha mbele alikaa kijana aliyevaa shati jeupe, na lori likashika barabara ya Lubumbashi.

Mjane alisimama siku ile ile. Alioga, akavaa kitenge cha rangi, akaazima unga na mafuta kwa jirani, na alipokaanga mandazi ya kwanza aliyaleta kwangu barazani, kwenye kiti cha mzee, kwa sababu viti vingine vyote vilikuwa vimerudishwa kwa wenyewe. Aliyaweka, akaenda zake sokoni. Mzigo wangu ulikuwa bado umefungwa uani. Nilisema moyoni lori lingine litapatikana, nami sikujiamini hata kidogo.

Jirani mmoja akapita, mzee wa kiwandani, rafiki wa marehemu. Alisimama, akanitazama nilivyokaa na koti lile, na macho yake yakalegea kwa furaha fulani ya huzuni. Akaniita kwa jina la marehemu, akaniuliza ziwani nitakwenda lini.

Nilimjibu kabla sijafikiri.

"Mwezi ukiisha," nikasema.

Akacheka mpaka akafuta machozi, akaendelea na njia yake.