Boti Iliyozimika na Mtani Wangu Ndani

Shule niliacha darasa la pili na sikuirudia. Nasema mapema ili mtu asitafute hapa maneno ya kisomi. Mashine nilijifunza kwa mikono: kwanza za kusaga, halafu pampu za bustani, halafu pikipiki za watu wote wa upande wetu wa Ziwa Kitangiri. Hakuna mashine ya petroli iliyowahi kunishinda. Hata hii ya boti haikunishinda. Ilinichelewesha tu, na huko kuchelewa ndiko ninakotaka kukueleza.

Boti ilikuwa ya matanga, kuukuu, ya Mzungu mmoja aliyekuwa akifuatilia ndege wa ziwani. Alipoondoka niliichukua kwa madume ya ng'ombe, watu wakanicheka. Tanga lilikuwa limeshaanza kuoza, mke wangu akalifanya la kuanikia alizeti, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Mlingoti ukabaki umesimama kama mtu aliyesahau alichokifuata. Chenye maana kilikuwa mashine. Ilifungwa tumboni mwa boti, chini ya mbao, na tangi lake likawa nyuma chini ya benchi. Kifuniko cha tangi kilipopotea nilitafuta cha dumu kinachoshika, nikakitoboa kwa msumari ili tangi livute hewa. Masika mbuga zikijaa tope na magari yakikwama, mimi ndiye niliyevusha watu na magunia.

Dada yangu aliolewa ng'ambo ya ziwa. Mama alitufia nikiwa sijakaza miguu, dada akanibeba. Chakula alikuwa ananitafunia kwanza. Yeye darasani hakukaa hata siku moja, kwa sababu mgongo wake ulikuwa na mimi. Alipoolewa na Mwislamu akasilimu, na sisi wa kanisani hatukuona neno. Dada ni dada.

Masika ya mwaka juzi, asubuhi, shemeji akapiga simu.

"Shemeji, dada yako ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri. Uso tutauacha wazi mpaka ufike, ila jua hili unalijua mwenyewe."

"Nakuja," nikasema.

Sikutaka kingine. Nilitaka kuuona uso wake kabla haujafunikwa.

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na mtani wangu, Msukuma mfugaji aliyehamia kijijini kwetu zamani. Mtani msibani haachwi. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumsema marehemu vibaya, kujilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa wacheke hata kama hawataki. Nawe ukitaniwa hukasiriki. Hiyo ni sheria, haina rufaa. Dada yangu alimpenda sana. Walikuwa wakitukanana mpaka wageni wanashangaa.

Nilimwachia mtani dumu la petroli ajaze tangi, nikaingia ndani kubadili nguo. Nilipotoka mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza, tukaondoka.

"Mnyiramba na boti wapi na wapi?" mtani akaanza. "Nyie ni watu wa viazi."

"Kaa chini, usije ukaizamisha kwa tumbo la maziwa."

"Huyo dada yenu alikuwa mchoyo. Nilimwomba maji akaniuliza kikombe kizima au nusu."

Mke wangu akacheka huku machozi yakimtoka. Kazi ya mtani ilikuwa inaendelea vizuri.

Nyumba zetu zilipokuwa zimeshakuwa ndogo kama mbuzi, mashine ikakohoa, ikashusha sauti, ikafa. Upepo hakuna. Ziwa limetulia kama uji ulioganda.

Fundi huanza na moto. Nikafungua plagi, nikaigusisha chuma, nikavuta kamba: cheche ya bluu, safi. Nikarudishia. Ikawaka. Tukaenda kidogo, ikakohoa, ikafa tena vilevile. Hapo nikasema ni koili. Koili ikipata joto huchoka, ikipoa hurudi, na hii mashine ilifanya hivyohivyo kabisa: ikipumzika inawaka, ikienda inazima. Nikalowesha kanga ya mke wangu, nikaikanda koili kama mtoto mwenye homa.

"Mpe na panadol," mtani akasema.

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi. Nisipofika mimi, nani atalala kaburini? Watamzika kama mtu asiye na watani."

Alikuwa anatania, lakini jicho lake lilikuwa kwenye jua. Hata yeye alikuwa na haraka yake.

Tulikwenda, tukazimika. Nikalowesha tena, tukaenda, tukazimika. Mtani akachukua upondo asukume. Kitangiri si ziwa la kina, lakini chini ni tope tupu. Upondo unazama, na ukiung'oa boti inarudi ulikotoka. Jua likapanda. Simu ikaita, mke wangu akapokea.

"Mko wapi?" Sauti ya shemeji niliisikia mpaka nilipokuwa.

"Tupo ziwani, shemeji. Mashine inasumbua."

"Wameshaniuliza. Nimewaambia wangoje."

Nikaacha koili. Nikafungua skrubu ya chini ya kabureta ili petroli idondoke. Ikadondoka kama machozi ya mtu wa kulipwa: tone, tone, basi. Hapo nikajua moto hauna kosa, mashine ilikuwa na njaa. Nikatoa chujio, safi. Nikapuliza mpira wa mafuta, mzima. Nikaibonyeza pampu kwa kidole, ikawa inavuta na kukwama, inavuta na kukwama. Na tangi lilikuwa limejaa!

Nikarudi nyuma kwenye benchi, nikalegeza kifuniko cha tangi nichungulie. Likavuta pumzi. Sisemi kwa mfano; lilivuta kwa sauti, kama mtu uliyemwachia koo. Chini ya kifuniko palikuwa na kipande cha nailoni nyeusi, kimekunjwa mara mbili, kimekazwa vizuri na mtu mwangalifu. Hewa haikuingia, petroli ikagoma kutoka.

Nikakiinua. Mtani akakiona.

"Nilikuta kina tobo," akasema. "Nikasema petroli itamrukia mkeo nguo zake za msibani. Nikaziba."

Sisi sote tunafanya hivyo. Dumu likivuja unaweka nailoni, unakaza. Hata mimi ningeikuta kwenye boti ya mtu ningeziba, nisingeuliza. Mke wangu akaniangalia mimi, si yeye. Alijua hasira yangu. Lakini mtani hakasirikiwi, na maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya utani. Nikayameza. Nikaitupa ile nailoni majini, nikawasha.

Mashine ikaimba mpaka ng'ambo. Haikukohoa.

Karibu na ufuko simu ikaita tena. Mke wangu akasikiliza, akasema, "Haya, shemeji," akaikata.

Tulipofika makaburini watu walikuwa wanakung'uta udongo kwenye majembe. Shemeji akanishika mikono yote miwili.

"Tulingoja, shemeji. Wazee wakasema maiti anateseka. Nimemfunika mwenyewe."

"Umefanya vizuri," nikamwambia.

Nikachota udongo kwa kiganja, nikauweka juu ya ule wao. Kila mtu akageuka kumtazama mtani. Walimjua, walijua safari yake ni ya nini. Kijana mmoja akampisha kabisa, apite. Mtani akasogea mpaka ukingoni, akasimama. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu.

"Msukuma," nikamwita. "Mtukane. Mwambie alikuwa mchoyo."

Akatikisa kichwa.

"Sema neno. Atakuona umemkataa."

"Mzee, niache," akasema. "Leo sina."

Nimezika watu wengi. Sijawahi kuona kimya cha namna ile. Angetania, ile nailoni ingekuwa ajali. Kunyamaza kwake ndiko kulikoifanya kosa, na kosa hilo nikawa nalo mikononi, sijui pa kuliweka, maana kati ya watani hakuna samahani wala msamaha. Hakuna hata maneno yake.

Tulilala kwa shemeji, kesho yake tukarudi. Mashine ilikwenda kutoka ufuko hadi ufuko, laini kabisa, nami nilitamani izime hata mara moja, aseme kitu kuhusu Wanyiramba na viazi. Alikaa mbele, mgongo kwetu.

Watu wananishauri nimpelekee mbuzi, niyamalize. Sina la kumaliza naye. Sikumkasirikia zaidi ya ile dakika moja ziwani. Tatizo ni yeye: tukikutana sokoni ananiamkia kwa adabu, anaulizia afya ya nyumbani, anapita. Dada nilimkosa nikiwa nimefika. Huyu namkosa akiwa yupo, na hapa fundi hana bisibisi.