Vitabu Vilivyopangwa kwa Vijiji

Kabla hajakuachia mkono, Mhaya atakuuliza: wewe wa wapi, wa ukoo gani? Akishajua, ameshapata pa kukuweka. Ndivyo Klaudia, binti wa kijiji cha Izigo, alivyoipanga maktaba ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa mjini Bukoba, mara baada ya Uhuru. Ukutubi hakuusomea. Alipewa ufunguo na makabrasha ya miaka arobaini yaliyorundikwa sakafuni, akaambiwa, "Panga."

Akapanga kwa vijiji. Dawa ya wadudu wa kahawa ilijaribiwa Izigo? Basi ripoti yake iko rafu ya Izigo. Kitabu cha mashine za kukobolea kilienda Nshamba, kwa sababu fundi aliyekitumia alikuwa wa huko. Hata barua za wachuuzi wa zamani zilipata kijiji chao. Unacheka? Cheka tu, lakini yeye alikuwa anachomoa kitu bila kutazama.

Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha alikuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, anataka kujua mibuni iliyokauka zamani ilitibiwaje. Klaudia akamletea jibu kabla chai yake haijapoa. Baadaye ikaja barua: nafasi ya kusomea ukutubi Dar, miaka miwili, mradi meneja amruhusu. Lo, alilia kwa furaha! Ana miaka thelathini na moja, na Biharamulo hajawahi kuivuka.

Meneja, Mzee Rugaibula, aliisoma barua, akairudisha kwenye bahasha.

"Ndugu Klaudia, ukiondoka nani atajua kitu kiko wapi? Sikuruhusu."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Klaudia alizitazama rafu zake, akazichukia.

"Nikipanga upya, mzee, kila mtu aweze kujitafutia, utaniruhusu?"

"Tutaona."

Nafasi ingemsubiri hadi Juni. Akajifunza namba za vitabu kutoka kitabu cha Kiingereza, peke yake, kamusi mkononi. Kadi elfu mbili aliziandika kwa mkono. Pasaka hakwenda nyumbani, mpaka mama yake, Anatolia, akatuma mtu aulize kama mwanawe yu hai. Kila kitabu alichokitoa kijijini kwake na kukitia kwenye namba kilimuuma, na alijiona kama anavunja nyumba za watu. Akavunja hivyohivyo, maana alitaka kutoka.

Juni ikafika. Rugaibula akachukua kadi, akaenda kwenye rafu, akakipata kitabu. Akarudia mara tatu, anacheka mwenyewe.

"Sasa niruhusu, mzee," Klaudia akasema.

Rugaibula akamshangaa, mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mimi.

"Waitu, ndugu yetu Klaudia, ukasomee nini tena? Haya yote umeshayajua. Nafasi kama hii tumpe asiyejua."

Wakampeleka Ildefons, karani wa mizani ghalani. Klaudia alimsindikiza melini, kwa kuwa aliambiwa amsindikize, akarudi kufungua maktaba kabla ya saa tatu. Miaka miwili ikapita. Ildefons akarudi na cheti, akafanywa mkuu wa maktaba, na asubuhi ya kwanza akavuta kiti karibu na meza ya Klaudia, akamwomba kwa adabu amweleze zile kadi alizipangaje.

Akamweleza.