Tochi ya Nyongeza

Nilitoka Palma kwa sababu mama yangu hataki kutoka Diaca. Baada ya miaka ya kukimbia vita, ya kulala mahemani na kwenye nyumba za watu, amerudi shambani kwake, amepanda muhogo wake, na amesema akihama tena atahama kwa jeneza. Sawa, mama. Lakini kisima alichokichimba marehemu baba pale uani kimejaa udongo na matawi, na bibi wa umri ule anashuka bondeni kila asubuhi kufuata maji na ndoo kichwani. Juzi juzi ameteleza, akaumia kiuno.

Mdogo wangu Momade, anayeishi naye, ni fundi wa visima. Mtadhani shida imekwisha. Wapi! Momade hajashuka kisimani tangu mwenzake wa kazi, Chande, alipofukiwa na udongo kule ukimbizini. Tochi ilimzimikia Chande akiwa chini, hakuuona ufa ukutani. Aliyekuwa juu ameshika kamba ni Momade. Tangu hapo amenunua tochi mbili Mocímboa na zote zimemfia mkononi. Basi akanipigia simu.

"Dada, nitafutie tochi isiyozima. Nikiipata, nitashuka. Nisipoipata, njoo umchukue mama."

Njoo umchukue mama! Utadhani mama ni gunia la mchele.

Palma, asubuhi, nikaenda kwa Bwana Issufo, ambaye bidhaa zake hutoka Mtwara. Pale dukani ipo desturi inayonitia wazimu. Mteja haulizi bei kabla hajaiangusha tochi sakafuni. Anainyanyua hadi usawa wa kifua, anaiachia kwenye saruji, puu! Ikiendelea kuwaka, ananunua. Ikizima, anairudisha kabatini polepole kama hakuigusa. Nilimkuta mwanamume mzima na ndevu zake anafanya mchezo huo.

"Hiyo ni mali ya watu au embe?" nikamwuliza.

"Naipima, mama."

"Na mkeo ulimpima hivyohivyo?"

Issufo akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Mnaonijua hapa mtaani mnajua kwamba sipendi mtu aguse kitu changu. Kinu changu hakiazimwi, pasi yangu haiazimwi, na watu wameshazoea. Nikachagua tochi ya chuma, nzito, ndefu kama mchi mdogo, ghali kuliko zote, nikakataa isiangushwe hata mara moja. Nikaizungushia kanga mbili na kuiweka katikati ya begi kama mtoto mchanga.

"Mama Saide, chukua na hii nyongeza," akasema Issufo, akanipa kitochi cha plastiki cha kijani. "Ya kuendea chooni." Nikakitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi nikakisahau.

Barabarani, jua lilipopanda, nilikuwa nimekaa mbele kwenye lori la Salimo, anayepeleka mifuko ya saruji Mocímboa. Salimo ni dereva mzuri ila kila kitu kilichomo ndani ya lori anakihesabu kuwa ni chake. Tulipofika mahali pa mchanga mwingi, lori likaanza kugonga chini, akashuka, akaingia uvunguni.

"Mama, una tochi?"

Ile ya kwenye kanga? Thubutu! Nikampa ya nyongeza. Mara nasikia ko! ko! ko! Nikainama kuchungulia. Mwanamume amelala chali, ameshika tochi kwa kichwa, anagongea nati.

"Salimo! Tochi si nyundo!"

"Nyundo niliiazimisha, mama."

Ilitoka huko ubavu umepasuka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akatoa kisu, akakata utepe kwenye mpira wa ndani wa tairi kuukuu, akaizungusha tochi kuanzia shingoni mpaka mkiani, akikaza kwa meno. Akanirudishia nyeusi na nene, inafanana na mguu uliofungwa plasta.

"Sasa haisikii maumivu," akasema.

"Mimi nayasikia," nikamjibu.

Kabla ya kufika mjini kuna kizuizi cha askari. Sote tukashuka, mizigo chini. Kijana wa kijeshi, kwa sura na lafudhi mtu wa kusini, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, akafungua begi langu, akagusa kanga.

"Lanterna?" akauliza kwa Kireno, yaani tochi.

Nikazishika zile kanga kwa mikono miwili. Kushindana na mtu mwenye bunduki ni upumbavu, nami ninajua, lakini mikono ilikuwa imeshatangulia. Salimo akaingilia kwa Kireno, akaeleza habari za mama na kisima. Askari akanitazama, akaiacha, akaona ya nyongeza mfukoni.

"Abre," akasema, yaani fungua. Nilipochelewa akaifungua mwenyewe, kwa nguvu, kama anayefungua nazi. Betri zikabiringika kwenye vumbi, na springi ikaruka, ikapotelea majanini. Jamani! Watu wote wa lori tukawa tumeinama barabarani tunatafuta kitu chenye ukubwa wa ukucha, askari naye na bunduki yake mgongoni anapekua nyasi. Hatukuipata. Akaona haya, masikio yakamwiva. Akatoa pakiti yake ya sigara, akachomoa ile karatasi ya ndani inayong'aa kama fedha, akaikunja na kuikunja tena hadi ikawa kidonge kigumu, akakisukumia nyuma ya betri na kufunga kwa kukaza. Tochi ikawaka.

"Pronto, mamã," akasema, yaani tayari, mama.

Nikasema asante kwa sababu ya bunduki.

Mocímboa nilifikia kwa wifi yangu Atija, dada wa mume wangu, ambaye anasuka nywele na kupaka kucha barazani kwake. Atija hana baya, ila hana subira. Nilikuwa sijavua viatu alipotaka kuchungulia kama pipa la maji lina takataka.

"Wifi, una tochi?"

Nikashusha pumzi. "Atija, kila mtu kwenye nchi hii anataka tochi, hakuna hata mmoja mwenye yake?"

"Nipe bwana, siili."

Hakuila. Aliitumbukiza. Nilisikia chubwi, kisha, "Wifi, usikasirike." Nikakasirika. Nikamwambia nitaandika kwenye mlango wake kwamba humu ndani vitu vya watu havirudi vizima. Yeye akawa anacheka huku ameingiza mkono pipani mpaka kwapani. Akaianika tochi juu ya bati hadi ikakauka kabisa, kisha akachukua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu ya maharusi, akapaka kuzunguka kioo na kila mahali palipoachia upenyo, tabaka juu ya tabaka, kwa ustadi uleule anaowapakia wateja wake. Hata kwenye swichi alipitisha kipande cha puto na kukizibia ukingoni.

"Haiingii maji tena," akasema.

"Imekuwa na mdomo kama mwari wa jana. Naona aibu hata kuibeba."

Ya kwenye kanga nilikuwa naichungulia kila saa. Ilikuwa inang'aa, haina hata alama ya kidole.

Diaca nilifika kwa pikipiki siku iliyofuata, begi nimelipakata. Mama alinipokea kwa vigelegele, mkono mmoja kiunoni. Akaniandalia ugali wa muhogo na maji nusu kikombe. Nusu kikombe! Mama yangu, aliyekuwa akiwapa wapita njia maji mpaka wanashiba. Nilikunywa funda moja, yaliyobaki nikamrudishia.

Asubuhi yake tukakusanyika kisimani: mimi, mama, Momade, na majirani wawili wa kushika kamba. Momade amekonda. Nikamfungulia zile kanga mbele ya watu, najiona bibi wa maana. Akaipokea ile tochi ya chuma, akaisifu uzito wake, akaifunga uzi mrefu, akaiwasha. Halafu, mbele ya macho yangu, akanyoosha mkono juu ya shimo na kuiachia.

"Momade!"

Ikaenda ikigonga kuta, ko, ko, kisha pu. Chini kukawa giza.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Nilimwita mwendawazimu. Nilimwambia nimeibeba hiyo tochi kutoka Palma bila kuigusisha na kitu, yeye anaitupa shimoni! Alinisubiri nimalize huku anavuta uzi. Tochi ikapanda, ndani inacheza kama njuga. Akaifungua: betri zile nzito zilikuwa zimekigonga kichwa kwa ndani, taa imekatika vipande viwili.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "chini huko nitaiangusha. Mikono inatetemeka, matope yanateleza. Ikinifia, bora inifie nikiwa hapa juu na wewe unanitukana."

Mama akageuka, akaanza kutafuta ndoo yake. Alikuwa anakwenda bondeni.

"Na hiyo?" Momade akauliza, akionyesha mfuko wa begi.

"Hiyo achana nayo. Takataka ya njiani."

Akaichukua, akaifunga ule uzi, akaiwasha. Akaiachia. Ko, ko, pu. Sote tukainama. Chini kabisa kulikuwa na kijimwanga. Akaivuta, akaiachia tena, na mara ya tatu. Inawaka tu, haina habari. Akaifuta, akaanza kuisoma kwa vidole: mpira wa Salimo, rangi ya Atija. Akaifungua mkiani, akakuta kidonge cha karatasi ya sigara, akakibonyeza.

"Nani kaifunga hivi?"

"Walioiharibu," nikasema.

Akaifunga tena kama alivyoikuta, akajifunga kamba kiunoni, akasema "Bismillah," akaingia.

Ndoo zikaanza kupanda: matawi, udongo, kandambili moja ya zamani, udongo tena. Nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni, nautazama ule mwanga ukizunguka ukutani, polepole, unapapasa. Ghafla ukasimama mahali pamoja. Nikasikia anapumua kwa nguvu, kisha kishindo kizito, na mwanga ukaanguka. Kamba ikalegea mikononi mwa majirani.

"Momade!" mama akaita. "Momade mwanangu!"

Chini, mwanga ulikuwa umelala matopeni, kahawia, hautikisiki. Mama alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nami, mwanamke wa maneno, sikuwa na neno isipokuwa moja: usizime. Niliiambia tochi hivyo, kwa mdomo kabisa. Usizime, usizime, mwanangu.

Mwanga ukanyanyuka. Ukapanda ukutani, ukayumba, ukaja juu mpaka ukampiga mama usoni.

"Niliuona ufa," sauti ya Momade ikatoka chini. "Nikabana upande wa pili. Udongo umeanguka pembeni. Dada, huku miguuni kuna ubaridi. Teremsheni ndoo, ni maji haya."

Mama akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia. Mimi nikashika kamba na majirani.

Safari ya kurudi ilikuwa ya njia ileile, na begi limepungua tochi moja, kwani ile ya nyongeza Momade alikuwa ameitundika shingoni, hakutaka kuitoa. Atija alipopata habari alipiga kelele mtaa mzima wasikie kwamba rangi yake ya kucha imeshuka kisimani. Kwenye kizuizi nilimtafuta yule kijana. Nilikuwa nimembebea korosho za mama. Hakuwa zamu, na waliokuwapo hawakumjua kwa maelezo yangu ya masikio. Nikazila mwenyewe, kwa hasira.

Palma, nilikwenda dukani kabla ya kwenda nyumbani. Nikaiweka ile ya chuma mezani.

"Mama Saide, uliitumiaje?" Issufo akauliza.

"Sikuitumia. Nilikataa isiguswe, na haikuguswa mpaka ilipofika kisimani. Nipe nyingine ya kijani."

Akanipa. Nikainyanyua hadi usawa wa kifua, nikaiachia kwenye saruji. Puu! Ikafunguka, betri huku, springi kule chini ya kabati.

"Mama Saide! Wewe?"

"Mimi." Nikapiga magoti.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akanicheka.

"Cheka, lakini uje na karatasi ya sigara," nikamwambia kutoka uvunguni, mkono umeshaipata springi. "Na umwulize yule fundi wa baiskeli hapo nje kama ana mpira wa tairi kuukuu."