Mtawa wa Mikono Mitupu

Kitabu cha mchezo tulikipata kwenye mitumba pale soko la Majengo, miaka ile vitu vya nje vilipoanza kumiminika. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limechanika. Kila mchezaji alibuni shujaa wake akamwandika kwenye karatasi, na mmoja wetu akasimulia safari huku dadu zikiamua nani anashinda. Msimuliaji alikuwa rafiki yangu wa sekondari, mtoto wa muuza nafaka, na tulichezea barazani kwao.

Mimi nilimtaka mtawa, yule apiganaye kwa mikono mitupu, nguvu zake zikitokana na kujinyima. Rafiki yangu akakataa katakata.

"Hii ni nchi ya ngome na mashujaa wa farasi. Mtu wa picha za karate anatafuta nini humu?"

"Na wewe farasi umemwona wapi? Kule kijijini Zuzu?"

Wenzetu wawili wakacheka, yeye hakucheka. Kwa ubishi wangu nikaapa kwamba bila mtawa sirudi tena, ingawa zaidi yao sikuwa na marafiki mjini.

Ilikuwa Ramadhani. "Eti mtu apate nguvu kwa kutokula," akaendelea, midomo imemkauka. Nikamtazama tu. Tangu alfajiri hakuwa ameonja hata tone la maji, na alikuwa ameshinda akibeba magunia dukani kwa baba yake. Akaelewa nilichokuwa nawaza.

"Haya, aingie. Lakini siku mtawa wako anapigana, na wewe uwe umefunga."

Mimi, Mkristo wa kijijini Mkonze, nikakubali kwa mbwembwe. Kesho yake nilitoka nyumbani kwa miguu bila kula kitu. Jua lilikuwa kali. Nilipofika kwenye bomba la sokoni nikajiambia nanawa uso tu. Nikanywa hadi tumbo likajaa.

Barazani akaniuliza, "Umefunga?"

"Nimefunga."

Akatazama shati langu lililolowa kifuani. Akanipa dadu. Niliona aibu ambayo sijaisahau hadi leo. Baada ya ubishi wote ule, aliyemtoa mtawa mchezoni nilikuwa mimi mwenyewe. Nikachukua kifutio, nikamfuta, nikaandika askari wa upanga.

Magharibi mama yake akaleta tende na uji. Nikamwamkia, nikainuka niondoke.

"Kaa, mwanangu. Nimeambiwa leo umefunga nasi. Mgeni wa kufunga ndiye anayeanza."

Nikamtazama rafiki yangu, nikingoja aseme ukweli. Akanisogezea kikombe.