Vidonge vya Maalimu Mudathiri

Tangu biashara iachiwe huru, soko la Kibiti lilijaa makopo ya ng'ambo, na ndani ya makopo hayo Maalimu Mudathiri alikwenda kuitafuta kumbukumbu yake. Alikuwa imamu wa kijiji kimoja cha delta, mzee wa miaka sabini na mbili. Qurani aliyoihifadhi utotoni ilikuwa ikimponyoka aya kwa aya, na Ramadhani ilikaribia. Angesalisha vipi tarawehe?

Muuzaji aliapa kwamba vidonge vyake vya mafuta ya samaki vingemrudishia kumbukumbu kwa siku arobaini. Mganga wa zahanati alimwambia kweli, kwamba hajaona kidonge kinachorudisha kilichopotea. Mudathiri akamwamini muuzaji.

"Mafuta ya samaki, baba Ally?" mkewe Zamda alimcheka. "Kwani hapa tunakula nini kila siku, magogo ya mikoko?"

Alivimeza vyote. Siku ya arobaini na moja, katika sala ya magharibi, alikwama kwenye Alhamdu, sura anayoijua hata mtoto. Nassibu, mwanafunzi wake wa zamani, alimkumbusha kutoka nyuma. Akaendelea, akakwama tena. Angeweza kujikaza, na watu wangemsitiri, lakini sala ile haikuwa mali yake.

Alirudi nyuma hatua moja, akamshika Nassibu mkono, akamsogeza mbele mahali pake. Kisha akasimama safuni akilia kimya kimya, na kila neno lililofuata hakulijua mpaka Nassibu alipolitamka.