Sifuri za Risper

Risper Akoth alijua kupima maji kabla hajajua kupika kabsa, wali wa nyama wa Kisaudi, na hilo ndilo jambo ambalo nyumba nzima ya Al-Malqa, Riyadh, haikujishughulisha kuliuliza. Kwao Ahero, tangu yuko darasa la saba, alikuwa akishuka Mto Nyando kila asubuhi kusoma ubao wa kipimo na kuandika kina cha maji kwenye daftari la ofisi ya maji. Kazi ilikuwa ya baba yake. Miguu ya mzee ilipoharibika ikawa yake, akaifanya miaka tisa. Mto ukifurika, aliandika. Mto ukikauka mpaka ubao ukabaki umesimama kwenye tope, aliandika sifuri. Hivyo ndivyo baba alivyomfundisha: ukiacha nafasi wazi watadhani ulilala, andika sifuri wajue ulifika.

Siku moja ripoti ya mto ikatoka. Kurasa kumi na moja za majedwali ya namba alizoandika yeye, na juu kabisa jina la bwana mmoja wa ofisini ambaye mtoni alifika mara mbili, zote kiangazi. Risper hakuwamo. Palikuwa na neno moja tu chini ya jedwali: msomaji. Alipokwenda kuomba nafasi katika chuo cha maji, wakamwambia alete uthibitisho wa kazi aliyoifanya. Uthibitisho upi? Angeng'oa ubao mtoni awabebee mpaka mezani? Akachukua pasipoti, akaenda Riyadh kufagia nyumba za watu.

Na Riyadh, siku ya kwanza tu, wakamvua jina. Madam Abir, daktari wa utafiti chuo kikuu, si wa sindano, alimtazama pale mlangoni akasema jina hilo gumu, humu ndani ataitwa Lulu. Mwethiopia aliyemtangulia aliitwa Lulu. Mfilipino aliyemtangulia Mwethiopia naye alikuwa Lulu. Watoto wamezoea, alisema madam, kwa nini tuwasumbue? Hebu fikiria. Mtu anakesha na mwanao mwenye homa, anakuoshea mpaka soksi, na wewe unashindwa kutamka silabi mbili.

Mwaka wa pili madam akapata mradi. Uligharamiwa na nchi moja ndogo ya Baltiki, ambayo watu wake wote hawafiki nusu ya watu wa Nairobi. Nchi hiyo ilikuwa imejiandikia sera ya taifa ya sayansi, utafiti na ubunifu, na ndani yake ikaamua kwamba utafiti usiwe wa maprofesa peke yao. Watu wa kawaida nao wapime, majumbani mwao, hata ng'ambo. Swali la mradi lilikuwa jepesi: kiyoyozi hutoa maji kiasi gani kwa siku katika mji mkavu kama Riyadh, na kiasi gani katika mji wenye unyevu kama Jeddah, na je, maji hayo yanafaa kutumika tena? Madam alitoa nyumba yake na nyumba ya dada yake iliyoko Aziziya, Jeddah. Kisha akamkabidhi Risper jagi lenye mistari na daftari.

"Lulu, kila siku maji ya AC, andika hapa. Mafi kusahau, hakuna kusahau."

Hakusahau. Viyoyozi sita, miezi kumi na minne. Riyadh kuna siku bomba halikutoa hata tone, akaandika sifuri. Madam alipoziona alicheka sana. "Mafi maji, mafi kuandika!" Risper akaitikia "Ndiyo, madam," akaendelea kuandika. Familia ikienda Jeddah alikwenda nao na jagi lake, na huko ndoo zilijaa mpaka mgongo ukamuuma.

Ile sera yenyewe aliikuta kwenye chumba cha kazi cha madam, imechapwa kwa Kiingereza, na juu yake alama za vikombe vya kahawa. Aliisoma akipangusa vumbi, ukurasa mmoja leo, mwingine kesho. Ukurasa wa kumi na tisa ulimfanya akae kwenye kiti cha madam bila kujijua. Ulisema yeyote aliyekusanya takwimu kwa mkono wake atatajwa ndani ya ripoti kwa jina lake kamili, na atapewa barua ya kuthibitisha kazi yake. Takwimu ambazo mwenyewe hajulikani hazitapokelewa. Barua! Kitu kile kile chuo cha maji kilichomrudisha nyumbani kwa kukikosa. Na mkataba wake ulibakiza miezi minne.

Safari ya mwisho ya Jeddah alikaa garini nyuma ya Justus, dereva wa nyumba, Mkisii mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Madam na watoto walikuwa wametangulia kwa ndege, kuwangoja wageni wa mradi waliokuwa wanakuja kukusanya fomu.

"Sis, wachana na hiyo story," Justus alimwambia. "Ukimuaibisha mbele ya wageni atakukatia ticket ya kurudi home, na hiyo barua utaiskia tu kwa redio."

"Nimeuliza poa, Justus. Mara mbili. Ananiambia inshallah."

"Inshallah gani?"

"Ile ya kunirudisha jikoni."

Wageni walifika Aziziya Jumanne alasiri. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu mwenye mvi aitwaye Kadri, msimamizi wa mradi kutoka ile nchi ndogo. Walizungumza Kiingereza, na Risper akawa anawazungushia kahawa na tende, masikio wazi.

"Nyumba nyingine zote ziliacha nafasi tupu siku ambazo hapakuwa na maji," alisema Kadri, karatasi mapajani. "Hii yenu ya Riyadh peke yake ina sifuri mia moja arobaini na mbili. Kwa sababu ya hizo sifuri tunaweza kuziamini namba nyingine. Lakini kwenye fomu naona Lulu, mfanyakazi wa nyumbani. Lulu nani? Nahitaji jina kamili na namba ya kitambulisho. Leo ndiyo siku ya mwisho."

Madam Abir hakulijua jina hilo. Miaka miwili na zaidi mtu analala chini ya dari yake, na jina lake hakulijua! Lilikuwa kwenye ikama, kibali chake cha ukaazi, na ikama ilikuwa kwenye kasha la chuma Riyadh, na kichwani mwa daktari wa utafiti palikuwa patupu. Mwenye haya angeuliza. Risper alikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Huyo amesharudi kwao," madam akasema. "Andika jina la binti yangu, Lamar. Yeye ndiye aliyesimamia kila kitu."

Lamar, aliyekuwa hapo sofani na simu yake, hakuwahi kuligusa lile jagi hata kwa kulisogeza apite.

Risper aliliona tena lile neno chini ya jedwali la Nyando. Akaliweka birika mezani.

"Sijarudi kwetu," alisema kwa Kiingereza. "Huyo Lulu ni mimi. Jina langu ni Risper Akoth Ouma."

"Lulu, halas, basi! Jikoni, yalla!"

"Tarehe tatu Machi, chumba cha watoto," Risper akaendelea, macho kwa Kadri. "Paka alipindua jagi. Sikubahatisha namba. Niliandika kwamba maji yamemwagika."

Kadri akashusha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kikasimama. Akatikisa kichwa kukubali.

Madam alikuwa amegeuka mwekundu, lakini hakuwa mjinga. "Ikama yake iko Riyadh," alimwambia Kadri taratibu. "Umesema mwenyewe, bila namba fomu haipokelewi. Tutaituma baadaye, inshallah."

Kadri akamtazama Risper kwa huruma, akafunga kalamu yake. Huruma! Risper hakuwa ameomba huruma. Ikama ile aliishika mara moja tu, dirishani pa kliniki, kwa dakika mbili, kabla madam hajaipokonya na kuirudisha mkobani. Lakini alikuwa amesoma namba maisha yake yote.

Akazitaja. Tarakimu kumi, moja moja, kama alivyokuwa akimsomea baba yake kina cha mto. Kadri akafungua kalamu upesi akaandika, akazirudia kwa sauti, zikawa sawa. Kisha akalisoma na jina. Akakosea Akoth, akasahihishwa, akasema tena akapatia. Hata kahawa haikuwa imepoa.

Kesho yake asubuhi wageni walikuwa wamekwenda na fomu yao. Iwapo madam angemkatia tiketi au la, hakuna aliyekuwa amesema. Risper alikuwa uani, amechutama chini ya bomba la kiyoyozi, sauti ya madam ilipotoka ndani.

"Lulu!"

Akasogeza jagi la mwisho penye mwanga.

"Lulu! Lulu, wewe!"

Jumla, lita kumi na nane na nusu. Akaandika, akafunga daftari, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasubiri aitwe jina lake.