Gari Jeusi Lililongoja Kiangazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai, nikarudishwa kabla ya chakula cha mchana. Kosa langu lilikuwa usafi. Niliingia garage pale Butembo, nikaona gari jeusi lenye vumbi, nikachukua kitambaa kikavu na kuanza kulipangusa, ili Chef d'atelier, yaani mkuu wa karakana, akifika akute kijana mwenye bidii. Alifika na kunikuta. Sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Hapana pangusa! Weye, nani alikutuma? Hapana pangusa kavu!"

Alinivuta kwa mkono wa shati akanipeleka upande wa jua na kunionyesha mlango wa gari. Juu ya rangi kulikuwa na mistari myembamba, duara juu ya duara, kama utando wa buibui.

"Vumbi ni mawe madogo-madogo," alisema. "Donc weye ulipitisha mawe ku gari ya batu. Gari nyeupe ingekuficha. Nyeusi, hapana. Nyeusi itakusema ku batu bote." Batu bote, ndivyo tunavyosema watu wote.

Alinifukuza, kisha akaniita tena, na mistari ile akanifanya niiondoe mwenyewe, kwa pati, ile dawa laini ya kupolisha, na kitambaa cha flaneli, mpaka mabega yakawaka moto. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kung'arisha magari, nami sikuiacha mpaka vidole vilipokataa kukunja kitambaa.

Ninyi vijana wa sasa, ambao pale Vulamba, mtaa wa Butembo, mnaosha gari kwa sabuni ya unga na pampu inayopiga kelele, mtanicheka. Chekeni tu. Zamani tulianza kwa kuvua mkanda, saa na pete, maana chuma chochote mwilini kinaweza kugusa rangi. Tulifanya kazi kivulini, kwa sababu jua hukausha dawa kabla haijafanya kazi yake. Maji yalianzia juu kwenda chini, na kitambaa kilikwenda moja kwa moja, si kwa kuzungusha. Kikianguka chini, hakikugusa gari tena siku hiyo. Mwisho tulipaka nta, safu nyembamba kama pumzi kwenye kioo, tukaingoja ipauke, kisha tukaisugua mpaka unaona meno yako mwenyewe mlangoni. Nta ile ndiyo iliyolinda rangi dhidi ya mvua, jua na mavi ya ndege.

Baada ya miaka kadhaa Gérant, meneja wa garage yetu, alinipeleka Beni, katika mtaa wa Ruwenzori, ambako alikuwa amefungua tawi. Alikuwa mtu wa tai na maneno machache. Aliniambia tu, "Kakule, kule magari inafikia mupya. Ujifunze kuyavua nguo." Nilidhani ananitania, kumbe ndivyo ilivyokuwa. Gari jipya siku zile lilitoka kiwandani limepakwa nta nzito kila mahali, ya kulikinga na chumvi ya bahari njiani. Lilipoingia Beni kutoka mpaka wa Kasindi lilikuwa limepauka, na wenye magari walishtuka wakidhani wameuziwa kitu kilichooza. Sisi tuliitoa nta ile kwa mafuta ya taa na maji vuguvugu, polepole, sehemu kwa sehemu, na rangi ikajitokeza chini yake. Tuliiita koti. Sijawahi kupenda sehemu yoyote ya kazi kama kuvua koti.

Koti la gari la Papa Paluku nililivua mimi. Alikuwa mfanyabiashara wa kahawa na maharagwe wa Butembo, mtu mnene, mwepesi wa kucheka. Alikataa kiti, akasimama karibu nami tangu asubuhi, amefunga mikono nyuma kama mtu kanisani. Rangi nyeusi ilipoanza kutoka kwenye boneti, alivua kofia.

"Mwana yangu," aliniambia, "mama yake na bibi yangu Masika anaishi Luofu. Siku nilienda kuomba binti yake nilifika na miguu, matope mpaka ku magoti. Ile mama alinipatia maji ya kunawa mbele ya batu bote. Hakunitukana, hapana. Mais niliona haya. Niliapa nitarudisha Masika kwabo mu gari mupya, ya kuangaza, na tutashukia mbele ya kanisa."

Hiyo ndiyo sababu ya kulinunua gari lile. Nilisugua nta ya mwisho kana kwamba mama mkwe ni wangu.

Mama Masika mwenyewe nilimjua baadaye, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alinisimulia kwamba gari lilipoingia tu uani kwao Vulamba, alimwambia mumewe, "Twende hii wiki. Mama anazeeka."

Mvua zilikuwa zimeanza. Njia ya kwenda kusini, kupita Lubero, ilikuwa matope ya kuzamisha lori. Papa Paluku alitazama gari lake, akatazama mawingu.

"Na hii mvua? Nifike Luofu tena na matope? Batu baseme Paluku bado iko vile tulimuona? Tungoje kiangazi."

Akalifunika shuka. Nisimlaumu, alikuwa na sababu ambayo mtu mwenye haya ataielewa. Lakini kabla ya kiangazi vita ilifika.

Wanajeshi wa serikali walikuwa wakikimbia waasi, na walipopita walichukua kila kitu chenye magurudumu. Pale Beni walisafisha garage yetu hata milango. Gérant aliondoka na tai yake, sikumwona tena. Nami nikarudi Butembo kwa miguu na sanduku la vitambaa, kwa kuwa vitambaa havikumvutia askari. Sijafika hata kwangu, nikasikia Papa Paluku ananitafuta.

Nilimkuta uani, amekaa juu ya gunia karibu na gari. Jirani yake fundi wa bodi alikuwa amemshauri akwangue rangi kwa msasa, gari lionekane bovu. Papa Paluku alikuwa ameshika ile karatasi ya msasa mkononi na ameshindwa.

"Kakule, nisaidie. Siweze."

"Papa, tuirudishie koti," nikasema.

Ilinijia hivyo hivyo, bila kufikiri. Tuliyeyusha mishumaa, tukaichanganya na mafuta ya taa, nikaipaka kwa brashi ya rangi ya nyumba, nzito, kila mahali, mpaka ndani ya vishikio vya milango. Weusi ukafifia, ukawa kama mafuta yaliyoganda kwenye sufuria. Juu yake tukapaka udongo wa watu wa matofali, tukatupia majivu. Magurudumu tuliyafukia chini ya maharagwe, gari tukalikalisha juu ya matofali, na Mama Masika akaleta kuku wake walale juu ya paa.

"Kuku, hapana!" Papa Paluku akalia.

"Kuku njo bataponyesha gari yako," akajibu mkewe, kwamba hao ndio watakaoliokoa, na hakuwatoa.

Askari walikuja, kundi dogo. Mmoja aliuliza kwa Lingala, "Motuka oyo ya nani?" Papa Paluku akasema ni lake, lakini injini ilikufa zamani. Askari alichoma mlango kwa ncha ya bunduki. Kipande cha udongo kikaanguka. Chini yake palionekana nta iliyopauka, haing'ai hata kidogo. Askari akatema mate. "Ekufi," akasema, limekufa, na wakaenda.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo mambo yakaisha. Vita ile ilipotulia kidogo, Mama Masika alisema tena, twendeni. Papa Paluku alisema barabara bado ina watu wenye bunduki, tuache koti mpaka pawe salama kabisa. Kisha vita ya pili ikaja, na wanajeshi wengine, na wengine baada yao, kila mmoja na njaa yake ya magari. Kila nilipopita kupaka udongo upya pale mvua ilipoumomonyoa, Papa Paluku aliniuliza, "Chini iko salama?" Nami nilimjibu, iko salama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu miaka ile. Fundi wa kung'arisha, nikiishi kwa kuficha mng'ao, na kaya kadhaa za Butembo ziliniita kwa kazi hiyohiyo.

Mama wa Luofu alikufa barabara ikiwa imefungwa. Habari ilitufikia amekwisha kuzikwa. Papa Paluku alikwenda kusimama mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya udongo, na siku ile hakuniuliza swali lake. Naye hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Presha ilimwangusha dukani, na tukamzika na gari likiwa bado juu ya matofali. Inaniuma mpaka leo kwamba mtu yule aliliona gari lake jeusi kwa wiki chache tu, na zote zilikuwa za mvua.

Muda mrefu baadaye, njia ya kusini ilipofunguka, Mama Masika aliniita. "Uioshe. Kesho tunaenda."

Watoto wa Papa Paluku walirudisha magurudumu, wakatia betri mpya na kuwasha injini, nami nikaliosha gari kama Chef alivyonifundisha. Udongo kwanza, kwa maji mengi, bila kusugua. Kisha mafuta ya taa, sehemu kwa sehemu. Rangi ilitoka bila doa, bila mstari, na nikalia nikiwa nimeshika kitambaa. Mama Masika alikuja akajitazama mlangoni, akasogeza kitambaa chake cha kichwa.

"Iko vile ilitoka Kasindi," alisema. "Ni miye tu njo nilizeeka."

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwambia, "Mama, tungoje kidogo ikauke?" Alisogea mpaka penye gari, nikamfungulia mlango.

Mnajua njia ile. Tulipofika Luofu gari lilikuwa na matope mpaka madirishani, mengine yamekauka kwa upepo. Tulishuka mbele ya kanisa. Dada yake mkubwa alitoka kwa fimbo, wakakumbatiana kwa muda mrefu, wakamlilia mama yao na Papa Paluku. Kisha yule dada akatazama huku na huku.

"Ile gari nyeusi mulikuwa munasemaka, iko wapi?"

Mama Masika alifungua kikwembe, kitenge chake cha juu, akakikunja, akaelekea mlangoni. Nilijua anachotaka kufanya. Matope makavu, kitambaa kikavu, tena kwa kuzungusha. Mdomo wangu ulifunguka, na lile neno la Chef likafika mpaka kwenye ulimi. Nikaufunga.

Alisugua kwa nguvu zake zote, mpaka pakatoka duara jeusi la ukubwa wa sahani.

"Angalia," alimwambia dada yake. "Alituletea."

Kazi nimeiacha sasa, na vitambaa vyangu nimewagawia wanaovitaka. Gari lile lingali Vulamba, watoto wa Papa Paluku wanalitumia Jumapili. Wameniomba mara nyingi niondoe ile mikwaruzo ya duara mlangoni, wanasema inawatia aibu juani, na pati ninayo bado. Ni kazi ya asubuhi moja. Nimewaambia vidole vyangu haviwezi tena.